Wati 5,000 za uongo: jinsi ya kuchagua spika ndogo za nyumbani



Juzi kijana mmoja wa hapa Mazwi kaniuliza: "Kaka, nimeuza maharage, hela ninayo. Ninunue sabufa ipi yenye wati nyingi?" Nikamwambia tulia kwanza, mdogo wangu, nikusimulie yaliyonikuta. Halafu nikaona bora niandike hapa, maana wanaouliza swali hilo kila baada ya mavuno ni wengi, na wengine wanapanda basi mpaka Tunduma au Dar na hela yote mfukoni.

Mwaka 2009 niliuza gunia sita za maharage. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Enzi zake aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kaseti za kwaya yao zilikuwepo nyumbani. Nikampelekea fundi, akazihamishia kwenye flashi. Nikasema sasa mzee wangu asikilize vizuri. Nikanunua sabufa moja kubwa, ina taa za bluu, boksi limeandikwa wati 5,000 P.M.P.O. Mtaa mzima ukajua kuna mziki umeingia.

Mzee akakaa, akasikiliza nyimbo mbili kimya. Ya tatu akainuka, akasema, "Mwanangu, mama yako simsikii. Nasikia ngoma tu."

We acha tu. Gunia sita zile.

Basi nikaanza kuuliza mafundi, kusoma na kufungua maboksi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Wati za kwenye boksi na wati za ukutani

P.M.P.O. ni namba ya matangazo tu. Hakuna kanuni moja ya kuipima, kila kiwanda kinajiandikia. Namba yenye maana ni ile inayoitwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibu sauti.

Hata kama RMS haikuandikwa, kuna njia rahisi ya kumshika mwongo. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inakula umeme kiasi gani. Yangu iliandikwa wati 60. Sasa jiulize: mashine inayokula wati 60 itatoaje wati 5,000? Ni sawa na kupeleka debe moja la mahindi mashineni ukategemea kurudi na gunia za unga. Haiwezekani. Na kwa kuwa nyingine hupotea kama joto, kinachofika kwenye spika ni pungufu ya hizo 60.

Jambo la pili: hauhitaji wati nyingi kama unavyodhani. Spika nyingi ndogo ukizipa wati 1 tu na kukaa mita moja mbele yake, zinatoa desibeli 84 hadi 90. Hiyo tayari ni sauti kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, la sivyo masikio yanaumia polepole.

Namba hiyo ya desibeli ndiyo ya kuulizia. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili, na desibeli 6 ni mara nne. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 yenye amplifaya ya wati 10 inakwenda sawa na spika ya desibeli 84 yenye amplifaya ya wati 40. Ukijua hilo, muuzaji hakuzungushi.

Kwa nini mzee hakumsikia mama

Sabufa nyingi za bei nafuu zina boksi moja la besi na vispika viwili vidogo sana vya pembeni. Boksi la besi linapiga chini, vispika vinapiga juu, halafu katikati panabaki shimo. Na sauti ya binadamu inakaa hapo hapo katikati. Maneno tunayatambua zaidi kati ya hertz 1,000 na 4,000, na uzito wa sauti uko chini ya hapo. Ukiwa na shimo hapo, utapata mdundo na mchakacho, mwimbaji amezama.

Dawa yake ni spika mbili zinazolingana, za kukaa mezani au kwenye kabati. Wenzetu waliziunda zikae kwenye rafu ya vitabu, na ndiyo asili ya jina lake huko kwao. Kila boksi lina spika ya inchi 5 au 6 kwa besi na kati, na twita ya inchi 1 hivi kwa juu. Ndani kuna krosova, ambayo kazi yake ni kugawa sauti: nzito huku, nyembamba kule. Hapo katikati pamejaa.

Msidhani udogo ni umaskini. Zamani ukitaka besi ulihitaji boksi kama kabati la nguo. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur na kampuni yake ya Acoustic Research wakatoa spika ya AR-1: boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa iliyofungiwa ndani ikafanya kazi kama springi ya kurudisha koni. Hapo ndipo boksi dogo lilipoanza kuheshimika. BBC nao miaka ya 1970 wakabuni LS3/5A, spika ya inchi 5 tu, iingie kwenye magari ya kurushia matangazo, na walichotaka kusikia humo zaidi ni sauti ya mtu kama ilivyo. Na ile Yamaha NS-10 yenye koni nyeupe, iliyotoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, iliishia kuwa spika ya studio duniani kote.

Kugawa hela

Mapacha ya namna hii mengi hayana amplifaya ndani, kwa hiyo bajeti yako igawe mafungu matatu: mawili spika, moja amplifaya. Waya wa kawaida wa shaba unatosha, usidanganywe na waya wa bei ya mbuzi. Kuna pia mapacha yenye amplifaya ndani yake. Hayo ni mepesi kwa anayeanza, chomeka simu, maliza.

Kwa walioko vijijini, Laela, Matai, Muze na kwingine wanakotumia sola: kuna amplifaya ndogo zinazotumia volti 12. Ni nzuri, ila jua mpaka wake. Kwa betri ya volti 12, kama haina kifaa cha kupandisha volti, haivuki wati 9 hivi kwa kila spika ya omu 8, au 18 hivi kwa spika ya omu 4. Ikiandikwa wati 50, hizo zinataka volti zaidi ya 20. Lakini nimeshawaeleza, wati 9 kwenye spika ya desibeli 88 zinatosha sebule.

Na omu usizipuuze. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 ukiifungia spika ya omu 4 na kukaza sauti, inachemka, na mwisho wake ni harufu ya kuungua.

Ukikutana na mtumba

Mimi mwisho niliangukia mtumba, na kwa hela kidogo mtumba ndio unaokupa mali. Lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Fanya haya kabla hujatoa hela:

1. Vua kitambaa cha mbele. Angalia ule ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji, baada ya miaka 15 au 20 huoza na kubomoka kama mkate mkavu. Wa mpira hudumu zaidi.

2. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, uikandamize sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imepinda. Achana nayo.

3. Njoo na fundi mwenye mita. Spika ya omu 8 husoma kama omu 6 hivi, ya omu 4 husoma 3 na ushee. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Twita ipimwe yenyewe, maana krosova inaizuia mita.

4. Nenda na nyimbo unazozijua kwa moyo. Mimi hubeba gitaa la Mbaraka Mwinshehe, sauti ya Bi Kidude, na kwaya moja. Gitaa linaonyesha kama kamba zinatengana, Bi Kidude anaonyesha kama kuna shimo la katikati, kwaya inaonyesha kama unaweza kuhesabu sauti nne. Usikubali muuzaji akupigie wimbo wake. Na kama nyimbo umezipakua kafe, chukua zenye kilobiti 192 kwenda juu. Zile za kilobiti 64 zitaifanya spika nzuri ionekane mbovu.

Ukishafika nyumbani

Hapa hakuna gharama, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Umbali kati ya spika na spika uwe kama umbali wa kutoka kila moja mpaka ulipo, yaani pembetatu. Usizisukume kwenye kona, kona huvimbisha besi mpaka inanguruma.

Kabla hujailaumu spika, kagua waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuza, koni moja inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma, zinauana, besi inapotea. Kama alama zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya za spika yenyewe kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, upande wa chanya wa betri ndio nyekundu.

Nyumba zetu za saruji na bati zina mwangwi. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia linalia "tiing", sauti ya mwimbaji nayo itachanganyika vivyo hivyo. Weka mkeka au zulia, pazia zito, kochi la kitambaa. Pazia zito huku Ufipa tunalihitaji kwa baridi, kwa hiyo umeua ndege wawili. Ila mvua za masika zikigonga bati, zima tu mziki, hakuna spika inayoishinda ile mvua.

Mwisho, umeme. Sumbawanga kwa miaka mingi umeme wetu umetoka Zambia, kwa kuwa mkoa haukuwa kwenye gridi ya taifa, na kukatika na kurudi kwa kishindo tumekuzoea. Ukikatika, chomoa. Kishindo cha kurudi ndicho kinachoua amplifaya.

Mzee je?

Ile sabufa niliiuza kwa hasara kwa jamaa mwenye banda la video, huko ilifaa kabisa, filamu za mapigano zinataka ngoma. Nikaongezea hela kidogo, nikapata mapacha ya mtumba ya inchi 5 bila jina la maana, ukingo wa mpira, pamoja na amplifaya ya kuokoteza kwa fundi. Hazina taa hata moja. Nikaziweka juu ya kabati la vyombo, usawa wa kiti cha mzee.

Kaseti ile ina mvumo, na kuna mahali mtoto analia kanisani. Wimbo wa pili mzee akanyoosha kidole kuelekea spika ya kushoto, akasema, "Huyo hapo. Anawahi kuingia, sikuzote alikuwa anawahi." Akaomba nirudishe.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mazwi, kabla hujauliza wati, jiulize unataka kumsikia nani. Hela ya maharage hairudi mpaka msimu mwingine.

Nawasilisha. Mwenye lake na aseme, hasa mafundi mliopo.