Kahawa ya Nyumbani: Tuipime kwa Kijiko

Mwezi huu tunaingia jikoni. Huku kwetu Kagera nyumba nyingi zina mibuni uani. Tunajua kuchuma, kuanika na kupeleka magunia chamani, lakini tukiulizwa birika moja linahitaji unga kiasi gani, tunatazamana. Wengi hutia kwa kukadiria, kisha wakaangalia rangi.

Mama mmoja aliyeolewa huku kutoka Kilimanjaro alitusimulia yaliyompata. Kwao alizoea kutia vijiko viwili vikubwa kwa kila kikombe. Alipofika kwa wakwe zake akaendelea na kipimo kilekile kwa kahawa ya shambani kwao. Usiku hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, naye ana mimba ya miezi minne. Akadhani ni presha. Kliniki wakampima, presha hana. Kijiko kilikuwa kilekile. Kahawa ndiyo iliyobadilika.

Kahawa ya Kilimanjaro ni arabika, na sehemu kubwa ya kahawa yetu ya Kagera ni robusta. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kafeini ndiyo inayofukuza usingizi. Gramu 10 za unga wa arabika zina kafeini kama miligramu 120. Za robusta hufikia 200 hivi. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya asizidi miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha asizidi 200. Basi kikombe kimoja tu cha robusta chenye vijiko viwili vikubwa kinaweza kummalizia mama huyo kiasi chake cha siku nzima. Zile kahawa za kutafuna tunazomkaribishia mgeni nazo zihesabiwe, maana watu huzisahau.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kijiko kikubwa cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu huchukua gramu 5 hivi za unga. Kwa maji lita 1, yaani vikombe vitano vya chai, tia vijiko 10 au 11 vya arabika. Kwa robusta sisi tunashauri nusu yake, vijiko 5 au 6, na ladha bado itakuwapo. Mama mjamzito anywe kikombe kimoja cha namna hiyo kwa siku, kisha aache.

Kuna wanaobana unga ili usiishe haraka, halafu wakaichemsha kahawa muda mrefu ipate weusi. Hapo wanapata uchungu, na uchungu huo huitiwa sukari vijiko vitatu. Chemsha maji peke yake, epua, tia unga, koroga, funika kwa dakika nne. Kisha mimina yote kwenye chupa ya chai, machicha yabaki nyuma. Yakiachwa ndani ya birika mpaka jioni yanaendelea kutoa uchungu. Mwenye lehemu nyingi katika damu afadhali achuje kwa karatasi ya kuchujia, kwa sababu kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ina mafuta yanayoongeza lehemu hiyo.

Tulipozungumza zaidi na yule mama, likatoka jambo jingine. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki alikuwa akivimeza kila asubuhi kwa kahawa hiyohiyo! Kahawa huzuia mwili usipokee vizuri madini ya chuma, yawe ya vidonge au ya maharage na mchicha. Chai ya rangi hufanya vivyo hivyo, pengine zaidi. Vidonge vimezwe kwa maji au maji ya machungwa. Kahawa inywewe saa nzima kabla ya chakula, au saa mbili baada yake. Sasa yeye humeza vidonge alfajiri kwa maji, na kikombe chake kimoja hukinywa saa nne, akitoka shambani.