Kutoka Baridi ya Milimani Hadi Joto la Bondeni: Haki ya Mgeni Katika Mwaka Wake wa Kwanza

Alikuwa akiswali safu ya pili, karibu na nguzo ya kulia. Kila alfajiri tulimwona, tukampa mkono baada ya nyiradi, kisha kila mmoja akashika njia yake. Tulijua kuwa ni mgeni kutoka Lushoto, kwamba amehamia hapa Kivukoni na mkewe na watoto wanne, na kwamba amepata shamba la mpunga. Zaidi ya hayo hatukujua, kwa sababu hatukuuliza.

Mwezi wa Januari alikosekana msikitini siku tatu mfululizo, ndipo tukamwuliza jirani yake. Mtoto wake wa mwisho, mwenye umri wa miaka 3, alikuwa amelazwa Ifakara. Homa ilimwanza jioni, na usiku akakakamaa na kugeuza macho. Waliokuwa karibu wakasema hiyo ni degedege, na kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano. Usiku mzima ukapita katika kufukizwa na kupakwa majani. Kulipokucha akafikishwa zahanati, akapimwa, ikaonekana ni malaria kali.

Alhamdulillahi, mtoto alipona. Lakini siku tulipokwenda kuwajulia hali, baba yake alinieleza jambo ambalo sijalisahau: "Katibu, kule kwetu adui ni baridi. Nimekuja na mablanketi sita. Hakuna aliyeniambia kwamba huku chandarua ndicho blanketi."

Aliyestahili kumwambia ni mimi na wenzangu wa kamati. Makala haya nayaandika kwa sababu hiyo.

NCHI MBILI, HEWA MBILI

Lushoto iko katika milima ya Usambara, kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ifakara na vijiji vyake viko chini ya mita 300. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi zipatazo 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, na huongezeka joto kwa kadiri hiyo hiyo anaposhuka. Kwa hiyo msafiri aliyeteremka Mombo akiwa na koti, akapita Chalinze na Morogoro, akakata kona Mikumi kuelekea Kidatu, kisha akafuata barabara huku milima ya Udzungwa ikiwa kuliani kwake, hufika bondeni koti likiwa mkononi na shati limemganda mgongoni.

Sababu za kuhama zinafahamika. Mashamba ya milimani yamegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, hata sehemu ya kijana mmoja imebaki matuta machache kwenye mteremko. Hapa bondeni mbuga ni pana na mpunga unakubali. Wasukuma wamekuja kutoka Kanda ya Ziwa na mifugo yao, na Wasambaa na Wapare wanakuja na majembe yao. Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya pantoni, kuvuka kumekuwa kwepesi, na jina la Kivukoni limebaki kuwa kumbukumbu.

JOTO LINA ADABU YAKE

Mwili wa mwanadamu huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Katika siku hizo hujifunza kutoa jasho mapema na kupunguza chumvi inayopotea nalo. Mgeni anayeanza kulima kutwa nzima siku ya pili baada ya kufika anajidhulumu. Na aanze shambani mapema baada ya swala ya alfajiri, apumzike jua linapokuwa kali, arudi alasiri. Anywe maji kabla ya kuona kiu. Mama avae baibui na mtandio wa pamba nyepesi badala ya vitambaa vizito alivyozoea milimani. Sitara haipungui kwa wepesi wa kitambaa ikiwa hakionyeshi mwili.

Dini yetu haikulisahau joto. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W) aliagiza swala ya adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali, mpaka hali ipoe kidogo. Na katika Ramadhani, Qur'an imempa ruhusa mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Anayezidiwa na maradhi asione aibu kuichukua ruhusa aliyopewa na Mola wake.

HOMA HAINGOJI UZOEFU

Hata hivyo, joto si hatari kubwa kuliko zote. Mtu hulizoea kwa wiki mbili. Malaria haizoeleki kwa wiki mbili.

Bonde hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 watafiti kutoka Uswisi walianzisha maabara Ifakara, na mbegu hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo duniani. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vyetu zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maambukizi huletwa na mbu aina ya Anopheles funestus, ijapokuwa idadi yake ni ndogo kuliko ya wengine. Mbu huyu hupenda maji yasiyokauka, kama mabwawa na kingo za mito. Kwa hiyo kiangazi si likizo ya malaria.

Aliyezaliwa hapa, akaugua na kupona mara nyingi utotoni, hujenga kinga ya kiasi fulani. Anayetoka penye baridi, ambako malaria ni chache, huja bila kinga hiyo, awe na miaka 4 au 40. Hata mwenyeji aliyeishi miaka mingi mbali na bonde huipoteza. Ndiyo maana wawili wanaweza kuumwa na mbu mmoja. Mwenyeji akapata maumivu ya kichwa, na mgeni akaishia kulazwa. Aliye katika hatari zaidi ni mtoto mdogo na mama mjamzito.

Mazoea ya milimani nayo huchangia. Kule watu hufunga madirisha kuzuia baridi. Huku mgeni, kwa kushindwa na joto, hufungua kila kitu, au hutandika mkeka barazani na kulala nje. Akipewa chandarua hulalamika kwamba kinazuia upepo. Dawa ya malalamiko hayo ni kuweka wavu madirishani ili upepo uingie na mbu abaki nje, kisha kulala ndani ya chandarua vilevile.

Tusisahau shambani. Mpunga unapoiva, familia nzima huhamia huko kuamia ndege, ikilala kwenye dungu au kibandani. Chandarua kinabaki nyumbani kikilinda kitanda kitupu. Kikunjwe kipelekwe shambani pamoja na sufuria.

HOMA YA WATU WA HIJRA

Wako wanaodhani kwamba mgeni anayelalamikia hewa ya mahali ana upungufu wa subira. Na wakumbuke kilichowafika Masahaba. Bibi Aisha (r.a) amesimulia kwamba Muhajirina walipofika Madina, Abubakar na Bilal (r.a) walishikwa na homa kali. Homa ilipompungukia, Bilal alikuwa akitamka mashairi ya kuyatamani mabonde ya Makka, majani yake na maji yake. Huyo ni Bilal aliyestahimili jiwe kifuani kwa ajili ya imani! Mtume (S.A.W) hakumkemea. Alimwomba Allah (S.W) awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye kuwa na siha, na aiondoe homa yake.

Pamoja na dua palikuwa na kazi. Mtume (S.A.W) aliwaunganisha kwa udugu Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii alimtaka Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Mwenyeji alijitolea, na mgeni hakutaka kuwa mzigo. Hakuna aliyeachwa ajifunze mji kwa kuugua.

TULICHOKIAMUA

Baada ya tukio lile kamati yetu ilifungua daftari la wahamiaji. Familia ikifika inapewa familia mwenyeji, na kazi za mwenyeji katika wiki ya kwanza zimeandikwa: kuhakikisha kila kitanda kina chandarua, kumpeleka mama kliniki, ambako mjamzito hupewa chandarua na vidonge vya kumkinga na malaria, kuwaonyesha zahanati ilipo na namna ya kuifikia usiku, na kuwaonyesha soko.

Imamu naye alilizungumzia suala la degedege katika hotuba ya Ijumaa. Mtoto mwenye homa anayekakamaa apelekwe hospitali saa ile ile. Homa yoyote ipimwe, na dawa ya mseto imalizwe hata kama mtoto ameanza kucheza. Anayetaka kumsomea Qur'an na amsomee njiani. Mtume (S.A.W) ametuamuru kutafuta tiba, na ndiye aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah.

Kwa ndugu mnaojiandaa kuhama, nunueni vyandarua kabla ya kuuza mablanketi. Mkifika, jitambulisheni msikitini na kwa mwenyekiti wa kitongoji, msingoje kuulizwa. Na kwa wenyeji wenzangu: mkono wa alfajiri ni sunna, lakini usiishie kwenye kiganja. Uliza amelala wapi, na watoto wamelala chini ya nini.

Mwezi uliopita ilifika familia nyingine, kutoka milima ya Upare. Tulipotafuta mwenyeji wa kuipokea, yule ndugu wa Lushoto aliinua mkono kabla ya wengine. Alikwenda na vyandarua viwili begani, na mwanawe yule mdogo akimfuata nyuma.

Ewe Mola, tupendezeshee bonde hili, litie siha, uwahifadhi watoto wetu na watoto wa wageni wetu. Amin.