Tembe za Kutuliza Wahaka: Zinafaa, Lakini Zina Mwisho Wake

MSOMAJI, huenda wewe mwenyewe, au mtu wa nyumba yako, ana pakiti ya tembe ndogo alizopewa na daktari ili zitulize moyo unaomwenda mbio usiku. Iwapo ni hivyo, itoe pakiti hiyo usome jina lililoandikwa. Yamkini utakuta ni diazepamu, dawa ambayo wengi wetu tunaifahamu zaidi kwa jina la Valium.

Nitaanza na kisa kilichonifika katika kliniki yangu hapa Dandora. Majirani walimleta mama mmoja, muuza mboga wa Phase 4, akiwa amelazwa kwenye mkokoteni. Alikuwa ameanguka kando ya kibanda chake, akatetemeka mwili mzima, akauma ulimi na kupoteza fahamu. Mmoja wa waliomleta alisema ni kifafa. Mwingine alininong'oneza kwamba mama huyo alikuwa ametupiwa kitu na watu wasiompenda. Mwenyewe hakuwa amewahi kuanguka namna hiyo maishani mwake.

Alipozinduka nilimwuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Si ni zile ulinipa, daktari," akanijibu, na kufungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na cheti kilichokunjwa hadi kikachakaa. Mwandiko ulikuwa wangu.

Miezi 14 kabla ya siku hiyo, wezi walikuwa wamevunja mlango wake usiku. Alikuja kwangu akiwa hali wala halali, akishtuka kila mbwa akibweka. Nilimwandikia diazepamu miligramu 5 kila usiku. Nilichosahau kuandika ni siku ya kuacha. Cheti hicho kimoja kilimnunulia tembe katika maduka kadhaa ya dawa, na kilipokataliwa alipata wa kumuuzia bila cheti. Tembe moja ilipoacha kumletea usingizi alimeza mbili, kisha tatu. Wiki aliyoanguka biashara ilikuwa mbaya, pesa zikakosekana, akakaa siku sita bila kumeza hata moja.

Hicho ndicho kilichomwangusha. Ubongo wa binadamu una kemikali yake yenyewe ya kujituliza, ambayo hufanya kazi kama breki za gari. Diazepamu huzitia nguvu breki hizo. Lakini ukiimeza kila siku kwa muda mrefu, ubongo huzoea kusaidiwa na breki zake wenyewe hulegea. Ukiiondoa dawa ghafla, gari linabaki kwenye mteremko. Mtu hukosa usingizi, mikono humtetemeka, jasho humtoka, wahaka humrudia kwa nguvu kuliko ule wa kwanza, na wengine huanguka kama alivyoanguka mama huyu. Wengi wakiona hivyo husema, "Kumbe ugonjwa wangu haujaisha," nao hukimbilia duka la dawa tena. La hasha, hiyo mara nyingi ni dawa yenyewe inayodai.

Nisieleweke vibaya. Hii ni dawa nzuri. Ndiyo tunayoikimbilia mtoto anapoletwa na degedege lisilokoma, na huwasaidia walevi waliozoea pombe kwa miaka wanapoiacha chini ya uangalizi wa hospitali. Valium ilianza kuuzwa mwaka 1963 na kampuni ya Roche, baada ya kazi ya mwanakemia Leo Sternbach na wenzake, na kwa miaka mingi madaktari waliiandika bila kuwaza sana. Mwaka 2020 idara ya Marekani inayosimamia dawa iliagiza kila dawa ya jamii hii iwekewe onyo kali zaidi kuhusu uraibu na hatari ya kuiacha kwa ghafla.

Je, uitumie vipi? Kwanza kabisa, kwa muda mfupi. Kwa wahaka, wiki mbili hadi nne zinatosha, na katika hizo zihesabu pia siku za kupunguza dozi. Meza kiasi ulichoandikiwa. Tembe ikionekana kupungua nguvu, usiongeze. Rudi kwa daktari, maana huo ndio mwanzo wa njia aliyopita mama mboga wetu.

Pili, na hapa sina mzaha, usiichanganye na pombe. Iwe ni bia, kegi au chang'aa, ni mamoja. Kila kimoja hupunguza kasi ya pumzi, na vikikutana mtu anaweza kulala asiamke. Hatari ni ile ile kwa dawa kali za maumivu kama tramadoli, na kwa dawa za kikohozi zenye kodeini. Wenye kukoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini, au wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wamweleze daktari kabla ya kuandikiwa.

Dawa hii haitoki mwilini upesi. Nguvu yake huchukua zaidi ya siku nzima kupungua nusu, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayotuliza ambayo hukaa siku kadhaa. Kwa hivyo dereva wa matatu au wa bodaboda aliyemeza tembe usiku anashika barabara alfajiri ikiwa bado imo damuni. Wazee nao huwalemea zaidi, wakaanguka wakienda msalani usiku na kuvunjika nyonga. Dozi yao huwa nusu au chini ya hapo. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, kwani mtoto anaweza kulegea na kushindwa kunyonya.

Walio kwenye matibabu ya kifua kikuu wasikilize vizuri. Rifampisini huharakisha ini kuivunja diazepamu, hivyo mgonjwa huona haifanyi kazi na kuongeza. Akimaliza rifampisini, dozi ile ile aliyoizidisha humlemea.

Tembe zilizobaki usizigawe. Jirani akikwambia halali, mhurumie lakini usimkatie mbili. Zifungie, kwani tembe za aina hii ndizo vijana mitaani huziita bugizi, na ndizo wahalifu wa vilabuni hutia katika vinywaji vya watu, ule mchele unaousikia. Wapo pia wanaotafuna miraa au muguka hadi usiku wa manane kisha wakameza Valium ili walale. Hao sijui niwaambie nini, ila waanze kwa kuacha kutafuna jioni.

Turudi kwa ile siku ya wezi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu aliyepatwa na mshtuko asipewe dawa hizi kutuliza wahaka wake katika mwezi wa kwanza, wala aliyefiwa asipewe kwa ajili ya majonzi. Kilichomfaa zaidi mama yule kilikuwa mtu wa kumsikiliza, mlango wenye komeo imara na jirani wa kulala naye siku chache. Nilikuwa na foleni ndefu nje, nikaandika tembe. Wahaka ukidumu kwa miezi, kuna ushauri nasaha, na kuna dawa nyingine ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi lakini hazimfungi mtu kwa namna hii. Hospitali ya Mathari ina wataalamu wa mambo hayo, na kuingia pale si kuitwa mwendawazimu.

Kama umekwisha kutumia diazepamu kwa miezi, usiitupe leo kwa kusoma makala haya. Mama yule nilimrudishia tembe zake, kisha kila wiki mbili tukapunguza kama sehemu moja ya kumi. Kulikuwa na wiki alizolia kwa kukosa usingizi, tukasimama hapo bila kupanda wala kushuka. Ilituchukua zaidi ya miezi sita. Kile cheti alinirudishia mwenyewe, na siku hizi kila ninapoandika dawa hii ninaandika pia tarehe ya kuacha. Chako kikiwa hakina tarehe hiyo, kirudishe kwa aliyekiandika umwombe aiweke.