Mashindano ya Baisikeli ya Kuzunguka Ufaransa na Watazamaji Wake

Katika nchi ya Ufaransa, kila mwaka ufikapo mwezi wa Julai, watu wengi sana huacha kazi zao, huchukua chakula, maji na miavuli, wakaenda kukaa kando ya barabara. Wengine hukaa huko tangu asubuhi hata jioni, na wengine hulala hemani milimani siku mbili au tatu. Hawangojei mfalme wala jeshi. Wanangojea watu waliopanda baisikeli, nao wakifika watapita kwa muda mchache tu. Mtu asiyeyajua mambo haya aweza kuuliza, Je, kuna faida gani kungoja siku nzima ili kuona kitu cha dakika chache? Lakini yeye ayajuaye hashangai, maana kila apitaye mbele yake amebeba habari ya siku nyingi.

1. Asili ya mashindano

Mashindano haya huitwa Tour de France, yaani Mzunguko wa Ufaransa. Yalianza tarehe 1 Julai 1903. Wakati ule palikuwa na gazeti la michezo mjini Paris, jina lake L'Auto, nalo lilikuwa likishindana na gazeti jingine kupata wanunuzi. Kijana mmoja wa gazeti hilo, Géo Lefèvre, alitoa shauri la kufanya mashindano marefu kuliko yote yaliyopata kuonekana, na mkuu wake, Henri Desgrange, akalikubali. Walitoka watu 60, wakaenda kilometa 2428 kwa hatua 6 tu, hata ikawalazimu kuendesha usiku kucha. Walioweza kumaliza walikuwa 21. Mshindi alikuwa Maurice Garin. Gazeti likapata wasomaji wengi kuliko kwanza, na mashindano yakawa desturi ya kila mwaka, isipokuwa miaka ya vita vile viwili vikubwa.

Siku hizi hatua ni 21, moja kwa siku, na katikati ziko siku mbili za kupumzika. Jumla ya njia ni kama kilometa 3300 au 3400. Timu ni 22 au 23, na kila timu ina watu 8. Njia hubadilishwa kila mwaka. Lakini haikosi milima. Mwaka 1910 mashindano yalipandishwa kwa mara ya kwanza mlima mrefu wa Tourmalet, wenye kimo cha meta 2115, na mwaka uliofuata yakapelekwa katika milima ya Alps.

2. Jinsi ya kujua nani anayeshinda

Mgeni akitazama hatua moja, huona mtu mmoja akiinua mikono kwa furaha mwishoni, naye hudhani kwamba huyo ndiye mshindi wa yote. Sivyo. Huyo ameshinda hatua ya siku ile tu. Kila siku saa za kila mtu huandikwa, na saa za siku zote hujumlishwa. Mwenye jumla ndogo ndiye mkubwa wao, naye huvaa fulana ya manjano. Fulana hiyo ilianza mwaka 1919. Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya karatasi ya lile gazeti la L'Auto.

Ziko fulana nyingine tatu. Ya kijani ni ya yule aliyepata alama nyingi kwa kutangulia kufika penye vituo na mwisho wa hatua. Nyeupe yenye madoa mekundu ni ya mshindi wa milimani. Nyeupe tupu ni ya kijana aliye bora kuliko vijana wenzake. Kwa hiyo mtazamaji aliye kando ya njia aweza kuwatambua wakubwa hata wakipita upesi.

Thamani ya sekunde moja katika mashindano haya ilionekana mwaka 1989. Siku ya mwisho Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa amemtangulia Greg LeMond wa Marekani kwa sekunde 50. Siku ile kila mtu aliendesha peke yake, kushindana na saa, kutoka Versailles mpaka Paris. LeMond akaenda upesi kuliko Fignon kwa sekunde 58. Basi baada ya kuendesha saa 87 na zaidi, mmoja alishinda na mwingine akashindwa kwa sekunde 8 tu.

3. Kwa nini huenda kwa makundi

Watoto waendao shuleni penye upepo mkali wajua kwamba yeye atembeaye nyuma ya mwenzake hapati upepo kama yule aliye mbele. Ndivyo ilivyo katika baisikeli, tena zaidi, kwa sababu mwendo ni wa upesi. Aliye mbele huupasua upepo kwa nguvu zake. Aliye nyuma hupata nafuu kubwa. Kwa sababu hiyo watu zaidi ya mia huenda pamoja kama kundi la nyuki, na mmoja akichomoka peke yake, mara nyingi kundi humshika kabla hajafika.

Kwa sababu hiyo pia kila timu ina watu ambao kazi yao ni kumtumikia mkuu wao. Humkinga na upepo, humletea chupa za maji kutoka kwenye motakaa ya timu, na gurudumu lake likiharibika, mmoja humpa lake. Majina yao hayaandikwi kwa herufi kubwa magazetini, lakini hapana mkuu aliyepata kushinda bila wao.

4. Siku moja kando ya njia

Hapana kiingilio, tajiri na maskini husimama mahali pamoja. Wajuzi huchagua mlima. Maana penye tambarare kundi hupita kwa mwendo wa kilometa 40 au 50 kwa saa, na kabla mtu hajatambua rangi moja, wamekwisha kupita. Lakini penye mlima mwendo hupungua, nao huja mmoja mmoja, na jasho lao laonekana. Mlima uliosifiwa sana ni Alpe d'Huez, wenye kona 21, ambao Fausto Coppi wa Italia alikuwa wa kwanza kushinda hatua yake, mwaka 1952.

Watu hufika mapema, kwa kuwa barabara hufungwa saa nyingi kabla. Wengine huandika majina ya wapendwa wao kwa rangi juu ya lami. Kwanza hupita msafara wa wafanya biashara katika motakaa zilizopambwa, wakitupa kofia na vitu vidogo vidogo kwa watazamaji. Desturi hiyo ilianza mwaka 1930. Kisha husikiwa mlio wa helikopta, na polisi juu ya pikipiki. Mara mtu wa kwanza huonekana penye kona. Watu hupiga kelele, kengele hulia, bendera hupepea. Wengi hawamshangilii mshindi tu. Huwangojea hata wa nyuma kabisa, na huyo aliye wa mwisho huwa na jina lake, huitwa Taa Nyekundu, kama ile iliyokuwa ikitundikwa nyuma ya gari moshi. Nyuma yake huja gari la kuwachukua walioshindwa kuendelea, liitwalo gari la fagio. Likiisha kupita, siku imekwisha.

5. Mikono ya watazamaji

Hapana uwanja wala ukuta. Mtazamaji aweza kusimama karibu na mshindani hata akamgusa. Jambo hilo ndilo utamu wa mashindano haya, nalo ndilo hatari yake, maana kazi ya majuma matatu yaweza kuharibiwa na mkono mmoja.

Mwaka 1904, mwaka wa pili tu, watazamaji wengine walitupa misumari njiani. Usiku mmoja karibu na mji wa Saint-Étienne waliwavizia wageni na kuwapiga, ili kijana wa kwao apate kushinda. Nao washindani wengine walifanya hila, hata wakapanda gari moshi kwa siri. Baada ya miezi, wanne waliotangulia wote walinyang'anywa ushindi, Maurice Garin akiwa mmoja wao, ukapewa Henri Cornet, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 siku ya mashindano. Hila hazikukoma mwaka ule. Lance Armstrong wa Marekani alihesabiwa kuwa mshindi mara 7 tangu 1999 hata 2005, lakini mwaka 2012 alinyang'anywa zote kwa sababu ya kutumia dawa zilizokatazwa. Watu wengi waliokuwa wamemshangilia mvuani na juani waliona uchungu.

Hata wema wa mtazamaji waweza kudhuru. Mwaka 1913 Eugène Christophe, Mfaransa, alikuwa akishuka kutoka Tourmalet, naye alitumainiwa sana kushinda. Ghafula uma wa mbele wa baisikeli yake, ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu, ukavunjika. Sheria ya siku zile ilisema kwamba mtu asisaidiwe na yeyote. Christophe akaibeba baisikeli begani, akashuka kwa miguu mwendo wa zaidi ya kilometa 10, hata kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Huko alipata kiwanda cha mhunzi. Mhunzi aliweza kumwonyesha kwa maneno tu, kwa maana wasimamizi walisimama mlangoni wakitazama. Christophe akafua chuma kwa mikono yake mwenyewe, na saa zikapita, na wenzake wakaenda zao. Mikono yake miwili haikutosha kushika chuma na kuvukuta moto pamoja, basi mtoto mmoja akamvukutia. Kwa msaada huo mdogo Christophe akaongezewa dakika 10 za adhabu, kisha zikapunguzwa zikawa 3. Hata hivyo alipanda tena, akaendelea mpaka Paris, akawa wa saba.

Mwaka 1919 Christophe huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa fulana ya manjano. Mwisho ulipokuwa karibu, uma ukavunjika tena, akashindwa tena. Wasomaji wa gazeti walipopata habari walimchangia fedha. Hakupata kushinda mashindano haya hata siku moja, lakini jina lake lakumbukwa kuliko majina ya washindi wengi.

Na katika siku zetu watazamaji hawajaacha kukosea. Tarehe 14 Julai 2016, katika mlima Ventoux, watu walijaa barabarani hata pikipiki iliyotangulia ikazuiwa, na washindani wakaigonga. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kujifunza baisikeli katika njia za Kenya, alikuwa amevaa fulana ya manjano. Baisikeli yake ikavunjika, naye akaanza kupanda mlima mbio kwa miguu, watu wakitazama kwa mshangao. Waamuzi walisahihisha saa za siku ile, naye akashinda mwaka huo, ushindi wake wa tatu katika minne. Tena mwaka 2021 mtazamaji mmoja aliinua bango ili aonekane katika televisheni, akiwapa washindani mgongo. Mmoja akaligonga, na baada yake wakaanguka makumi ya watu, baisikeli juu ya baisikeli. Mtu huyo alihukumiwa kulipa euro 1200.

6. Bendera kutoka Afrika

Kwa miaka mingi Waafrika weusi hawakuonekana katika mashindano haya. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa fulana ya madoa mekundu. Kisha tarehe 1 Julai 2024, katika mji wa Turin nchini Italia, ambako mashindano yalianzia mwaka ule, Mweritrea mwenzake, Biniam Girmay, aliwatangulia wote penye mstari. Hakuwako Mwafrika mweusi aliyepata kushinda hatua kabla yake. Akashinda nyingine mbili, akafika mwisho akiwa na fulana ya kijani. Waeritrea wakaao Ulaya walikuwa kando ya njia na bendera zao, na alipomaliza wengine walilia kwa furaha.

Wala mtu hana haja ya kwenda Ulaya ili aone mambo haya. Nchini Rwanda yako mashindano ya hatua nyingi kila mwaka, na watu wa vilima hushuka kutoka mashambani kwao, watoto kwa wazee, kuwashangilia wapitao. Na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya ulimwengu ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika.

Basi mtazamaji mwema hujulikana kwa mambo machache. Husimama kando, wala si katikati. Hamsukumi ampendaye, wala hamzuii asiyempenda. Mbwa wake humfunga, na mtoto wake humshika mkono. Huwatazama wajao, wala hawapi mgongo. Humshangilia wa kwanza, na humngojea wa mwisho. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na yeye apitaye mbele ya mlango wako juu ya baisikeli, naye ni mgeni wako, ingawa hukaa kwako kwa kufumba na kufumbua tu.