Kuacha Dawa za Kifafa Hakumkingi Mtoto na Mgongo Wazi

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Dokta, siku zangu zilipita, nikapima, nikakuta nina mimba. Zile dawa za kifafa nimeshaziacha ili mtoto asije akazaliwa na mgongo wazi. Sasa ninywe nini?" Mwingine hajaacha bado, anaomba ruhusa. Mwingine ameletwa na mama mkwe, ambaye ndiye aliyezichukua na kuzificha. Wote wanatarajia niwaambie wamefanya vema. Siwezi kuwaambia hivyo, na nimechoka kuona wanawake wakiumia kwa ushauri ambao masikioni unasikika wa busara kabisa.

Nianze na hesabu ya siku, maana imani yote hii inavunjika hapo. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga mapema mno. Upande wa kichwani hufunga kwenye siku ya 25 hivi tangu mimba kutungwa, upande wa chini ya mgongo kufikia siku ya 28. Usipofunga juu, mtoto hukosa sehemu kubwa ya fuvu na ubongo, na haishi. Usipofunga chini, ndiyo mgongo wazi. Sasa zipange siku hizo na maisha ya mwanamke wa kawaida. Mimba hutungwa takriban wiki mbili baada ya hedhi ya mwisho kuanza, kwa hiyo siku ile anayotarajia hedhi na isije, mimba ina wiki mbili tayari. Atasubiri wiki ya kwanza akidhani ni uchovu. Atasubiri ya pili mpaka apate nafasi ya kupita duka la dawa kununua kipimo. Anapoona mistari miwili, mrija umeshafungwa au umeshashindwa kufungwa. Na anayeanza kliniki mwezi wa nne, kama wengi wanavyofanya, amechelewa kwa zaidi ya miezi miwili.

Basi mwanamke anayeacha dawa siku aliyoona mistari miwili hajamkinga mtoto na mgongo wazi. Kama dawa iliudhuru mrija ule, madhara yameshatokea. Kama haikuudhuru, mrija umefungwa na mgongo wazi hautatokea tena. Kwa upande wa mgongo wazi hakubadilisha kitu; alichofanya ni kujiondolea kinga dhidi ya kuanguka.

Huko kuanguka ndiko ninakokuogopa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko lilivyokuwa mwanzo, na mara nyingine kwa mfululizo, moja halijaisha na jingine limeanza. Hiyo ni dharura inayoua. Fenobabitoni, ambayo ndiyo dawa ya kifafa iliyozoeleka kwenye zahanati zetu, ni miongoni mwa zilizo mbaya zaidi kukatwa kwa siku moja. Degedege kubwa likimpata mjamzito, oksijeni humpungua yeye na mtoto aliye tumboni. Anaweza kuangukia tumbo, kondo likabanduka kabla ya wakati. Anaweza kuanguka akiwa anakoroga ugali kwenye mafiga, au akiwa anachota maji kisimani. Aliyewahi kuona makovu ya moto kwenye mikono na nyuso za watu wenye kifafa vijijini hahitaji maelezo yangu. Uingereza, nchi inayochunguza kila kifo cha mama mjamzito, imekitaja kifafa katika ripoti zake mara kwa mara, na vingi kati ya vifo vinavyotokana nacho ni vya ghafla, mama analala na haamki. Huyo ndiye mama anayeambiwa na ndugu, na wakati mwingine na mhudumu wa afya, kwamba aache dawa kwa ajili ya mtoto.

Wakati huo huo najua dawa hizi zina madhara, na sitayapunguza uzito ili nishinde hoja. Mwaka 1982, Elisabeth Robert aliyekuwa akifuatilia watoto wenye kasoro za kuzaliwa huko Lyon, Ufaransa, aligundua kwamba miongoni mwa mama wa watoto wenye mgongo wazi, waliokuwa wametumia valproeti walikuwa wengi kupita kawaida. Tangu hapo ushahidi umerundikana. Rejista ya kimataifa iitwayo EURAP, iliyofuatilia wajawazito wenye kifafa katika nchi 42, ilitoa takwimu zake mwaka 2018. Katika kila watoto 100 ambao mama zao walitumia valproeti peke yake, takriban 10 walikuwa na kasoro kubwa ya kuzaliwa. Kwa fenobabitoni na fenitoini ilikuwa kati ya 6 na 7, kabamazepini 5 hadi 6, na kwa lamotrijini na levetirasetamu haikufika 3, ambayo inakaribia sana ile ya wajawazito wasiotumia dawa yoyote ya kifafa. Kasoro hizo si mgongo wazi peke yake. Kuna za moyo, mdomo sungura na nyinginezo. Mgongo wazi wenyewe humpata mtoto 1 au 2 kati ya 100 wa mama wanaotumia valproeti, na dozi ikipanda, hatari inapanda.

Soma takwimu hizo mara mbili kabla ya kuogopa au kupuuza. Zinaonyesha kwamba "dawa za kifafa" si kitu kimoja. Kuna dawa ambayo msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba hapaswi kuanzishiwa kama kuna nyingine itakayomfaa, na Shirika la Afya Duniani lilikazia onyo hilo Mei 2023 likiitaja valproeti kwa jina. Kuna nyingine ambazo mama anaweza kuzinywa tangu siku ya kwanza ya ujauzito hadi kujifungua, na karibu kila mara akapata mtoto mzima. Zinaonyesha pia kwamba hata kwa valproeti, watoto wengi huzaliwa bila kasoro kubwa, kwa hiyo anayemwambia mama akatoe mimba kwa sababu tu alikuwa akiinywa, bila hata kipimo cha ultrasaundi, anafanya jambo la kikatili.

Valproeti ina jambo moja zaidi. Madhara yake kwenye ukuaji wa akili ya mtoto, lugha yake na uwezo wake wa kujifunza hayaishii mwezi wa kwanza. Ubongo unaendelea kujengwa miezi yote tisa. Ndiyo maana mama akija kwangu na mimba changa akiwa anatumia dawa hiyo, nami nina haraka. Lakini haraka yangu ni ya kumbadilishia au kumpunguzia dozi kwa mpango, dawa mpya ikiingia huku ya zamani ikitoka, naye akiwa chini ya uangalizi. Kuamka asubuhi moja na kutupa vidonge chooni ni kitu kingine kabisa.

Wengi wakishaacha vidonge huhamia kwenye majani, mizizi na maji ya chupa, kwa hoja kwamba dawa ya asili haina kemikali. Kila mmea una kemikali. Valproeti yenyewe chanzo chake ni asidi inayopatikana kwenye mzizi wa mmea uitwao valeriani. Tofauti ni kwamba valproeti imepimwa kwa maelfu ya wajawazito hadi ubaya wake ukajulikana kwa asilimia. Ile chupa ya kijani anayokuuzia mtu stendi hakuna aliyeipima kwa mjamzito hata mmoja, na kutojulikana kwa madhara kusikuhadae ukadhani hayapo. Anayeiuza hatakuwepo usiku utakapoanguka.

Imani hii ya "ukijua una mimba, acha" imehamia hata kwa akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulikuta watoto 4 wenye kasoro za mrija ule wa ubongo na uti wa mgongo kati ya mama 426 waliokuwa wakitumia ARV iitwayo dolutegraviri kabla ya kushika mimba. Habari ikasambaa, hofu ikazuka, na wanawake katika nchi kadhaa wakanyimwa dawa nzuri. Utafiti ule ule uliendelea kuhesabu, na kadiri akina mama walivyoongezeka ndivyo tofauti ilivyoyeyuka. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wa umri wa kuzaa wakiwemo. Mama anayetumia ARV asiziache akisikia ana mimba. Azinywe kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto asiambukizwe.

Sasa yanayofaa kufanywa. Yote yanaanza kabla ya mimba, kwa hiyo panga uzazi. Hapa kuna mtego: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti, ukabeba mimba usiyoipanga; kitanzi au sindano ya miezi mitatu vinafaa zaidi. Unapotaka mtoto, nenda kwa daktari miezi kadhaa kabla, maana kubadili dawa huchukua wiki nyingi. Lamotrijini hupandishwa taratibu kwa sababu ikiharakishwa huweza kuleta vipele vya hatari. Levetirasetamu haipatikani kila zahanati na si kila mtu anaimudu bei yake, hivyo ulizia hospitali ya mkoa au ya rufaa. Kama dawa yako haiwezi kubadilishwa, basi iwe moja na kwa dozi ndogo kabisa inayokuzuia usianguke. Wakati wa ujauzito kiwango cha lamotrijini mwilini hushuka, na dozi huenda ikahitaji kupandishwa.

Asidi ya foliki, ile inayopuuzwa kwa kuitwa tu "kidonge cha damu", inywewe na kila mwanamke anayeweza kushika mimba: miligramu 0.4 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kutunga mimba hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, huandikiwa miligramu 4 au 5. Kwa aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 hupunguza kurudia kwa tatizo kwa zaidi ya theluthi mbili. Ila isikudanganye: haifuti madhara ya valproeti. Na ukianza kupewa SP ya malaria kuanzia wiki ya 13, dozi kubwa ya foliki ishushwe, kwa sababu huidhoofisha SP. Mchicha, kunde na maharage endelea kuvila, lakini havitoshi peke yake. Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga tangu 2011; hata hivyo sembe inayosagwa mashine ya mtaani mara nyingi haina nyongeza hiyo.

Fanya ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22. Ukigundulika mgongo wazi, panga kujifungulia karibu na wapasuaji wa mishipa ya fahamu, mfano hospitali za MOI, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, ili mtoto apasuliwe ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Mjamzito akianguka baada ya mwezi wa tano, hata kama ana kifafa cha miaka mingi, apelekwe hospitali akapimwe shinikizo la damu na mkojo siku hiyo hiyo, maana huenda ni kifafa cha mimba. Akishajifungua, anyonyeshe; kwa dawa nyingi za kifafa hakuna kizuizi.

Nawe unayesoma haya ukiwa na mimba na vidonge umeviweka kando, leo usijirudishie mwenyewe dozi uliyoiacha wiki kadhaa zilizopita, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu ukaandikiwe upya. Wewe ambaye bado unavinywa, kinywe cha usiku wa leo kama kawaida, na kesho uende kliniki.