Je, Wajua? Sura Zipo, Majina Hayapo

Je, wajua kwamba Unguja ilipigwa picha za kamera tangu mwaka 1860? Aliyezipiga ni James Augustus Grant, mwanajeshi kutoka Uskoti, akiwa njiani na John Hanning Speke kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walipoingia bara, Grant aliiweka kamera kando akashika penseli na rangi. Ndiyo maana Unguja ya safari ile tunaiona kwa picha, na Karagwe, huko bara, kwa michoro.

Je, wajua kwamba nyingi kati ya kadi za posta za Unguja ya zamani zilitoka studio za Wagoa? Gomes na Coutinho ni majina ambayo kila mkusanyaji wa kadi hizo anayafahamu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza naye akafungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe.

Je, wajua kwamba unaweza kuitazama Afrika Mashariki ya babu zetu bure, kwa simu, kutoka hifadhi iliyopo karibu na Chicago? Chuo Kikuu cha Northwestern kinatunza Mkusanyo wa Humphrey Winterton, picha zaidi ya 7,000 za kati ya 1860 na 1960: ujenzi wa reli, miji inayoanza kuota, misafara, familia za walowezi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo inatunza picha zipatazo 55,000 za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, na sehemu yake ni za kwetu.

Lakini soma maelezo yaliyo chini ya picha za aina hii. Mzungu aliyeketi kitini ametajwa jina, cheo na mara nyingine hata jina la mbwa wake. Waliosimama nyuma yake ni "wapagazi", "boi", "mwanamke wa Kiswahili". Inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu sura zao zimetoka wazi kuliko yake: kovu la shavuni linaonekana, kipini cha puani kinaonekana, hata kifungo kilichokatika kwenye kanzu. Kilichokosekana ni jina tu, nalo lingeandikwa kwa nusu dakika kama mpiga picha angeuliza.

Je, wajua kwamba Vugiri, huko Korogwe, kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu mwaka 1935? Mradi ule uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Hadi 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35, wakicheza Waafrika wenyewe, na sauti ikiwekwa kwenye sahani za santuri ili filamu moja iweze kusikika kwa lugha kadhaa. Zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu, mojawapo ikiwa ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Vichekesho, mafunzo ya kilimo, nyuso za vijana wa Usambara wa enzi hizo: filamu nyingine zote hazionekani tena.

Kwa nini filamu hupotea hivyo? Zile za zamani za naitreti hushika moto kwa urahisi, na zikishawaka, hata maji hayazizimi, maana zenyewe hutoa oksijeni ya kuulisha moto. Zile za asetati zilizofuata haziwaki hovyo, ila huoza polepole zikinuka siki. Ukifungua kopo la filamu siki ikakupiga puani, basi maradhi yameshaanza.

Je, wajua kwamba mkanda wa habari uliorushwa hewani zamani mara nyingi haukuwa na nakala? Mpiga picha wa televisheni alitumia filamu ya milimita 16 isiyo na negetivu. Mkanda ule ule uliotoka kwenye kamera ulisafishwa, ukakatwa kwa mkasi na kurushwa jioni. Zilipokuja kanda za video, zilikuwa ghali, hivyo vituo vingi duniani vilifuta habari ya jana ili virekodi ya leo.

Kwetu, kituo cha televisheni cha Zanzibar, TVZ, kilianza mwaka 1973, tena kwa rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994.

Je, wajua kwamba negetivu zipatazo 70,000 zilikaa kabatini kwa miaka mingi mjini Kampala? Ni kazi ya wapiga picha wa serikali ya Uganda, nyingi za enzi za Idi Amin, zikiwa kwenye bahasha zenye tarehe na jina la tukio. Ziliibuka mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda, zikaanza kuskaniwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vya Marekani na Australia. Mwaka 2019 zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Gwaride lipo, hotuba zipo, vicheko vipo. Mauaji ya utawala ule hayamo, maana mpiga picha wa serikali alipelekwa kule alikotakiwa aone. Kwa hiyo mwenye kuzitazama hana budi kuwakumbuka pia wale ambao kamera haikuelekezwa kwao.

Je, wajua kwamba Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyerekodi dakika za mwisho za Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyeuawa mwaka 1969, na pia njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984? Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa ikaanguka baharini Komoro. Mkusanyo wake umebaki Nairobi.

Na hili la mwisho ni la kina mama. Picha isiyo na tarehe inaweza kukadiriwa umri kwa kanga. Za mwanzo hazikuwa na maandishi. Baadaye zikapata jina, yaani msemo wa kanga, kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo picha ikiandikwa "mwanamke wa Kiswahili" na hakuna zaidi, ikuze kwenye kioo cha simu, shuka taratibu kutoka usoni hadi kwenye mji wa kanga, juu kidogo ya pindo, kama imekunjuka vizuri. Hapo pana maneno aliyoyachagua yeye mwenyewe dukani.