Sponsian: Kaizari Aliyebaki Kwenye Dhahabu

Kaizari wa Roma alipotwaa madaraka hakukawia kufua sarafu zenye sura yake, jina lake na vyeo vyake. Raia wa mbali, ambaye asingemwona maisha yake yote, alimjua kwa uso ule. Ndiyo maana mtawala aliyesahauliwa na vitabu vyote bado anaweza kukutwa kwenye kipande cha dhahabu.

Sponsian hatajwi na mwandishi yeyote wa kale. Tunalo jina lake kwa sababu ya sarafu chache za dhahabu zinazosemekana kupatikana Transylvania, katika Romania ya leo, mwaka 1713. Upande mmoja una kichwa kilichovikwa taji la miale. Wa pili una nguzo iliyozungukwa na watu, mchoro ulioigwa kutoka dinari ya fedha ya mwaka 135 KK, ilhali Sponsian anakisiwa kuishi karne ya 3 BK. Tena Warumi walifua sarafu zao kwa nyundo. Hizi zimesubiwa kwenye kalibu. Mwaka 1863 Henry Cohen, mtaalamu wa sarafu wa Paris, alizihukumu kuwa ghushi, na hukumu hiyo ikakubalika.

Mwaka 2022 Paul Pearson wa University College London na wenzake waliiweka chini ya hadubini sarafu iliyohifadhiwa Hunterian Museum, Glasgow. Waliona mikwaruzo midogo iliyosambaa usoni pake, kama ya sarafu halisi zilizokaa sana mikononi mwa watu. Juu ya mikwaruzo hiyo palikuwa na udongo uliogandishwa na madini, dalili ya kuzikwa muda mrefu. Wakahitimisha kwamba Sponsian alikuwa kamanda wa Dacia, jimbo la Kirumi lililojumuisha Transylvania na lenye machimbo ya dhahabu, aliyejitangazia ukuu miaka ya 260 baada ya kutengwa na Roma.

Wataalamu kadhaa wa sarafu wamepinga vikali. Kwangu mimi, hadubini imefanya kazi njema, lakini imejibu swali moja tu: sarafu ilitumika na ikafukiwa. Kama mwenye taji lile aliwahi kumwamuru hata askari mmoja, mikwaruzo haiwezi kusema. Ubishi utakatwa na sarafu ya Sponsian itakayofukuliwa na wanaakiolojia wenyewe, katika tabaka la udongo ambalo umri wake unajulikana.